Nta ya Mizinga ya Zefania

Ugalla,
9 Juni 2024

Kwako Happiness,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto unauma, na usinipe pole, pole haikandi mguu.

Barua yako Patrick wa Canter ameifikisha ikinuka dagaa, maana aliibana kwenye gunia. Nimeisoma mwenyewe. Hapa kuna watu wanafikiri kisomo cha watu wazima nilikwenda kupumzika.

Umeandika ukurasa mzima wa nta. Halafu chini kabisa, kama mtu anayeficha mnofu chini ya ugali, ukaweka maneno mawili ya mama yako. Nimeyaona. Naanza na nta.

Unasema mishumaa yako ya soya inatoka jasho na kulegea kwa joto la huko Ilembo, na mwalimu wa semina kasema uichanganye na nta ya nyuki ili ikaze. Happiness, soya ni uji wa lishe. Soya wanapewa watoto na kuku. Babu yako kalina asali mpaka meno yamemtoka, hakuna siku nilimwona anachanganya nta na maharage. Lakini umeomba, na wewe ni mke mwenzangu, sikunyimi. Patrick anakuletea mabonge mawili. Ni nta ya mizinga ya baba yako.

Sasa la mama yako. Unasema Helena amechoka. Unasema Stanslaus ni mtu mzuri, anataka kuleta posa, lakini hawezi mpaka tumalize msiba wa Zefania. Msiba gani? Nani kamzika Zefania? Mimi nimezaa mtoto, sijazika mtoto. Mwaka ule alipopotea porini wanaume walimtafuta mpaka ng'ambo ya mto, na huyo Stanslaus wako akiwemo. Wakarudi na baiskeli. Waliikuta imeegemezwa kwenye mti vizuri, ndoo ya asali imejaa kwenye keria, hata sisimizi hajaigusa. Mimi sikalii matanga ya baiskeli.

Helena ni mke wa mtu. Ataishi hapa kwangu mpaka mwenyewe aje aseme vingine.

Kula vizuri. Picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba.

Bibi yako,
Gaudensia


Mpanda, Ilembo,
30 Juni 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nta imefika na nimeitumia. Usicheke.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliyeyusha soya kwanza, halafu nikatupia vipande vya nta yako, ikawa uji wenye mabonge kweli kama ulivyosema. Nta ya nyuki inachelewa kuyeyuka kuliko soya. Sasa naanza nayo yenyewe, kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, isiguse moto. Ikishakuwa kama mafuta ndipo namwaga soya, fungu moja la nta kwa mafungu matatu ya soya, nakoroga taratibu na mwiko wa mti. Nikizidisha nta yako, mshumaa unapasuka juu na utambi unazama. Nikipunguza, unalegea. Hapo katikati ndipo pazuri. Mishumaa imesimama dirishani mchana kutwa, haikutoka hata tone.

Bibi, nilipowasha wa kwanza nilikaa chini. Chumba kizima kilinuka baba. Moshi, asali, na lile koti lake la mvua. Nilizima haraka, halafu nikawasha tena.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Nta ikikaa muda mrefu inaota weupe juu, kama vumbi la unga. Hii yako haina. Ni ya msimu huu au uliopita. Baba ana miaka mitatu hayupo. Nani analina mizinga yake?

Na mama, Bibi. Ana miaka arobaini na moja. Si mke, si mjane. Kanisani hajui akae benchi gani. Nakuomba.

Mjukuu wako,
Happiness


Ugalla,
14 Julai 2024

Happiness,

Wewe ulitakiwa kuwa polisi.

Nakwambia, kwa sababu ungekuja kuuliza jirani. Tangu kiangazi cha mwaka jana masega yanakuja. Asubuhi nafungua mlango, yapo juu ya kile kisiki cha mninga mbele ya nyumba. Mara kwenye ndoo ya plastiki, mara yamefungwa kwa majani mabichi ya msituni kama mtoto mchanga. Meupe, mazito, yamekatwa kwa kisu kikali. Hodi sisikii. Mbwa amelala.

Wewe hujawahi kwenda mizingani kwa hiyo nakufundisha. Kila mlina asali ana alama yake, anaichonga kwenye mzinga. Ya baba yako ni mistari miwili na jicho. Mzinga wenye alama ya mtu, mwingine hapandi. Akipanda ni mwizi, na wajukuu zake wataitwa wajukuu wa mwizi. Porini kule hakuna polisi wala mlinzi, ila alama ndiyo inalinda. Sasa niambie wewe msomi, masega ya mizinga ya Zefania analeta nani kama si Zefania?

Unataka kuniuliza yuko mzima au si mzima. Sijui. Mimi ni mama yake. Ananiletea, napokea, nasema asante kwa sauti, naingia ndani.

Mama yako haonji ile asali. Ninamwekea kwenye chai anasema tumbo. Na amekuwa na bidii ya ajabu ya kufagia. Kabla sijatoka, yeye kashafagia uwanja wote kuanzia kisiki mpaka njiani, hata unyayo wa kuku hauoni. Na ndoo zinapotea. Nikimuuliza, "Mama, mimi sijui ndoo." Malezi yenu ya mjini sasa yamefika huku.

Nimekutumia mabonge matatu. Tengeneza biashara yako. Msiba hakuna.

Bibi yako,
Gaudensia


Mpanda,
11 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Naandika huku mkono unatetemeka kidogo, unisamehe mwandiko.

Nilimuuzia mishumaa mama mmoja hapa mtaani, anaitwa Romana. Ni mtu wa Kigoma, kahamia mwaka huu, hamjui baba wala hajui chochote chetu. Juzi kairudisha. Kaiweka mezani kwangu, kasema, "Binti, mimi sina ugomvi na wewe, lakini mshumaa wako unapiga mluzi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Anasema ukishawaka kidogo unaanza mluzi wa chini, mrefu, unakatika kama mtu anavuta pumzi, halafu mwingine mfupi. Mumewe alitoka nje kutazama nani anapita. Hakuna anayepita.

Nimeiwasha mwenyewe. Inalia kweli, Bibi. Sijui kama ni nta, sijui ni utambi. Mwalimu wa semina nimempigia, kasema hajawahi kusikia.

Nifanye nini? Nina oda ya Siku ya Marehemu Wote, watu wa jumuiya wanataka ya kupeleka makaburini. Siwezi kuwapelekea mishumaa inayopiga mluzi makaburini.

Happiness


Ugalla,
25 Agosti 2024

Happiness,

Acha kutetemeka, unapoteza wino.

Mshumaa unaolia una maji ndani. Mimi nachemsha masega kwenye maji, nachuja kwa gunia, naacha igande juu. Chini ya bonge hubaki unyevu. Moto ukiukuta, unalia. Hata kuni mbichi zinalia, nani anazikimbia kuni? Kwangua sehemu ya chini ya bonge, ile nyeusi, uitupe. Iliyobaki iyeyushe peke yake polepole mpaka iache kutoa mapovu. Chuja kwa kitambaa cha kanga kikavu. Ndipo umwage hiyo soya yenu. Hilo ni kosa langu mimi, nilikimbiza kazi Patrick asiniache. Limekwisha.

Ila.

Nenda kwa huyo Romana. Muulize mluzi ukiisha kunafuata nini. Usimpe jibu mdomoni. Usimwambie ni mimi nauliza. Akisema hakuna kinachofuata, vizuri. Akisema kingine, uandike kama alivyosema, usipambe.

Bibi yako


Mpanda,
22 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Nta imechemka mpaka mapovu yamekwisha, imetoka rangi ya dhahabu. Mishumaa mipya hailii.

Kwa Romana nilikwenda. Nilimuuliza kama ulivyonielekeza. Kasema, "Baada ya mluzi kuna mtu anagonga mti kwa vidole. Anagonga, anatulia, kama anasikiliza." Nimeandika kama alivyosema.

Sasa Bibi, kaa chini kabla hujaendelea.

Stanslaus yuko hapa Ilembo, kwa dada yake. Ameanguka. Mguu umevunjika juu ya goti, umefungwa hogo la plasta mpaka pajani, hata chooni anabebwa. Nimempelekea uji. Nikamuuliza ulianguka wapi, akageukia ukutani. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Zefania, nina haki ya kuambiwa ukweli. Ndipo akasema: ameanguka kwenye mzinga wa baba.

Ni yeye, Bibi. Masega ni yeye. Anasema mizinga ilikuwa inaanza kuliwa na nondo, nyuki wanahama, na hakuweza kutazama kazi ya rafiki yake inaoza. Hakuweka alama yake, hakuuza hata kijiko. Kila alicholina alikileta kwako. Mama anajua. Ndiyo maana anafagia, anafuta nyayo, anamrudishia ndoo. Walikuogopa wewe. Stanslaus kasema, "Yule mama angenikuta kisikini angenikata panga, na angekuwa na haki."

Usiwe mkali kwa mama. Huyu mtu amekulisha mwaka mzima hakutaka hata asante. Kwa hiyo anayeleta si baba. Baba amekufa, Bibi. Tumwombee misa tarehe mbili Novemba, mama awe huru.

Nakutumia mshumaa mmoja wa mchanganyiko uone.

Happiness wako


Ugalla,
6 Oktoba 2024

Happiness,

Nimesoma barua yako, nikaikunja, nikaenda shambani nikalima matuta ambayo hayakuhitaji kulimwa.

Nimemwita mama yako. Nikamwambia, "Umeniona mimi bibi kichaa, nasema asante kwa kisiki, wewe unasimama nyuma ya mlango na ufagio." Akasema, "Mama, ulikuwa unafurahi." Nimemnunia wiki nzima. Ananipikia, nakula, namnunia.

Huyo Stanslaus amepanda mzinga wenye alama ya mwenzake. Hata angekuwa malaika, ni kosa, na mti umemwangusha. Mwambie hivyo. Mwambie pia mguu aukande na mafuta ya mbarika hogo likitoka.

Haya. Sasa na wewe kaa chini.

Unasema kaanguka. Patrick anasema ilikuwa mwanzo wa Septemba, yeye ndiye aliyembeba kwenye Canter. Tangu siku hiyo masega yamekuja mara mbili. Mara ya mwisho Jumanne. Yamefungwa kwa majani. Safari hii nilikuwa wa kwanza kutoka, mama yako yuko kitandani na homa. Uwanja ulikuwa na mavumbi mapya. Nilitafuta unyayo mpaka mgongo ukakataa kuinuka. Hakuna.

Na la Romana. Baba yako alikuwa hagongi mzinga kwa kisu kama wengine. Alikuwa anawapigia nyuki mluzi, kisha anagonga mzinga kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi, anasikiliza wako wangapi. Sikuwahi kumwambia mtu. Ni jambo dogo, nani anasimulia jambo kama hilo?

Muulize Stanslaus nani anamsaidia.

Gaudensia


Mpanda,
13 Oktoba 2024

Bibi,

Patrick anaondoka sasa hivi, naandika nimesimama.

Nimemuuliza. Hana msaidizi, hajamwambia mtu. Nikamwambia masega bado yanakuja, yamefungwa majani. Akaniuliza, "Majani gani?" Nikasema yale ya msituni, Bibi kayataja tangu Julai. Kisha akasema yeye siku zote aliweka kwenye ndoo. Hajawahi kufunga sega kwa majani hata siku moja. Anayefunga kwa majani alikuwa baba.

Akaniomba nifunge dirisha. Joto lote hili, Bibi.

Halafu akasema, "Mwambie Helena anisamehe. Kama mwenyewe bado yupo kwenye mizinga yake, mimi sina posa ya kuleta. Sitaki kuoa mke wa mtu." Nimemsihi, kageukia ukutani.

Sasa mama atabaki hivi mpaka lini? Nimwandikie nini? Wewe umesema atangoja mpaka mwenyewe aje. Haya, ndiyo kaja. Mwulize.

Happiness


Ugalla,
27 Oktoba 2024

Kwako Happiness,

Tumsifu Yesu Kristo. Umenijibu vibaya kwenye barua yako na nimekusamehe, maana nilimwuliza.

Masega yalipokuja tena, sikusema asante. Nilisimama pale kisikini nikasema: "Zefania, asali imetosha. Kabati limejaa. Mimi sili asali, nina kisukari. Nilikuwa napokea kwa sababu ni wewe. Sasa mkeo anakonda. Mwenzako kavunjika mguu. Mimi siwezi kumfungua mke ambaye sikumfunga mimi. Kama umerudi, ingia ndani, chai ipo. Kama umekwenda, niambie kama wanaume wanavyoaga." Halafu nikaogopa nilivyosema, nikajifungia ndani mchana kweupe, mimi mtu mzima.

Juzi asubuhi mbwa alilala kama kawaida. Nikafungua mlango.

Mzinga ulikuwa uwanjani. Mzinga wenyewe, Happiness, si masega. Gogo zima, mistari miwili na jicho, na zile kamba zake za magome zimekunjwa vizuri pembeni. Umelazwa, mdomo unatazama mlango wangu. Nikaingiza mkono mpaka begani. Ndani mtupu, hakuna nyuki, hakuna nta, umepanguswa kama chungu kilichooshwa. Ule mzinga kuushusha ni wanaume wawili na kelele. Kuubeba kutoka mtoni ni tela la ng'ombe. Hakuna alama ya gurudumu.

Wewe hujui maana yake, mama yako anajua. Kwetu mlina asali anaacha mizinga juu ya mti hata akiugua, hata akisafiri, hata akigombana na dunia. Anaishusha siku moja tu, siku anapohama msitu. Ukiona mtu kashusha mzinga wake, humwulizi unakwenda wapi. Unampa mkono.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Sikulia, nilikaa tu. Helena akatoka, akasimama, akashika mdomo.

"Mama, nani kaushusha?"

"Usiulize. Lete kanga tufunike."

"Mama..."

"Helena, mwanangu, mumeo kaaga. Kalie sasa. Lia vizuri, umechelewa."

Akalia mpaka majirani wakaja. Nikawaambia msiba upo, leteni kuni.

Katekista Gervais ndiye aliyenisumbua. Anasema kaburi bila mwili ni neno gumu, hawezi kubariki gogo. Nikamwambia, "Gervais, mwezi wa nane nimekuona unabariki pikipiki ya mwanao. Pikipiki ilikuwa na roho?" Anakuja.

Tutauzika mzinga huo badala yake, tarehe mbili, pembeni ya babu yako. Lete mishumaa. Ulionitumia niliuwasha. Haukulegea, haukulia, umekwenda mpaka chini pole pole. Sisemi zaidi ya hapo, kichwa chako kitavimba. Lete ya mchanganyiko, ya soya tupu itayeyuka njiani kabla ya kufika. Lete na kitambaa cheupe, mita mbili.

Wewe ni mtoto wake. Njoo mapema, ulale hapa, utawasha wa kwanza.

Bibi yako,
Gaudensia


Ugalla,
10 Novemba 2024

Kwa Stanslaus, aliyelala kwa dada yake huko Ilembo,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Happiness anakusomea, na anakusomea yote, nimemwapisha.

Tumezika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri, hata wale waliosema mimi nimechanganyikiwa, walikula pia. Kaburi ni dogo, urefu wa gogo. Happiness kawasha mshumaa wa kwanza, Helena wa pili, mimi wa tatu. Gervais akaanza sala, nyuki wakaja. Si wengi, kama kiganja. Wakatua kwenye nta, kuzunguka moto, palepale palipo na joto. Watu wakarudi nyuma. Hakuna aliyeumwa. Wakatembea juu ya mishumaa yetu mpaka sala ikaisha, wakainuka pamoja, wakaelekea mtoni. Gervais kasema ni harufu ya nta ndiyo iliyowavuta. Ndiyo. Nimemkubalia.

Helena nimemvua kanga ya mke. Kavaa nyeusi, ataivaa mpaka mwezi wa pili, kisha ni mtu huru, na uhuru wake ni wake, mimi sikupi wala sikunyimi. Muulize mwenyewe. Akisema ndiyo, ulete watu wako mchana, kwa barabara kubwa, wakiwa na viatu. Usilete asali.

Kwa ulichonifanyia mwaka ule mzima, nimekutukana vya kutosha nikiwa peke yangu, na sasa nakushukuru. Moja halifuti jingine.

Neno la mwisho, lishike. Mguu ukipona utatamani kurudi porini, nakujua. Nenda kwenye mizinga yako, ukae upande wako wa mto. Ya Zefania nilimtuma Patrick na vijana wakaitazame. Iko palepale juu ya miti, imejaa, inanguruma. Ameshusha mmoja tu, Stanslaus. Mingine hajaishusha. Usiiguse.

Mama yake Zefania,
Gaudensia